Mdudu wa Usoke

Shikamoo Bibi,

Nina kosa ambalo sijamwambia mtu mwingine. Kampuni niliyokuja nayo huku Usoke inatengeneza programu ya simu ya kusikiliza mzinga wa nyuki na kusema kama una asali. Ujuzi tunauchota kwa Mama Kashindi, mrina asali wa hapa, ambaye hugonga mzinga, akatega sikio, akajua. Kazi yangu ni kushika kinasa sauti na kunyamaza. Kunyamaza ninakuweza.

Juzi alitukaribisha ugali kwa uyoga. Nikasema, "Nimeshiba," kama ulivyonifundisha kusema ugenini.

"Haya, mtoto wa mjini, utaangukia porini!"

Huko porini akagonga mzinga wa kwanza. "Mtupu huu," akasema. Nikarekodi, na hapo hapo tumbo langu likanguruma.

Jioni bosi wetu, Kaka Elia, akasikiliza, akaruka. "Mama kakosea! Mzinga una nyuki!"

Mama wa watu akainama. Nikajikaza, nikasema: "Hajakosea, Kaka. Huyo ni... mdudu mwingine."

Mama aliaminiwa. Lakini tangu jana kampuni nzima iko porini inamsaka mdudu mpya, mimi nikiwa mbele na kinasa sauti. Sasa nakaribishwa mara moja tu, nakula.

Mungu akutunze, Bibi yangu. Siri hii iwe yetu wawili. Najua kadi hii ya posta haina bahasha. Ukimwona karani wa posta anacheka, mwombe naye anyamaze.

Mjukuu wako, Neema