Alama za Meno, Alama za Vidole

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Nakuonea wivu. Bahasha sikuifunga, mama wachuuzi wanaokuletea barua huko Zambia waisome wakitaka, haya sina tena.

Tangu utoto wewe ndiye wa kupata. Kitenge kipya wewe, ukoko wa bukari, ugali wetu, wewe. Nilizoea. Lakini yaya, hata katika kupigwa unizidi bahati?

Mwaka huu mgodi ulipofungwa na maduka ya mjini kuvunjwa, waume zetu walikaa nyumbani na hasira zao. Wako alipokukaba koo, ulimuuma. Majirani wa mtaa wako wa Bel-Air wakaita polisi, nami nilikuwepo. Unamkumbuka yule polisi mzee, mpole? Mume wako aliinua mkono unaotoka damu: "Tazama, alinikula!" Mzee akamtoa uani, akakuuliza peke yako jikoni: "Mama, kati yenu babili, nani iko naogopa mwenzake?" Kisha akakagua meno yalipoingia, upande wa ndani wa mkono. "Muntu wenye kunyongwa anaumaka mukono yenye kumunyonga," akasema. Akamchukua mumeo. Wewe ukabaki na watoto wako.

Wiki mbili baadaye ikawa zamu yangu. Nilimkwaruza mume wangu uso ili aniachie koo. Polisi aliyekuja alikuwa na haraka zake. Hakumtoa mtu nje, hakuuliza kitu. "Mwenye iko na damu njo alipigwa," akakata shauri: aliyepigwa ni mume wangu. Shingo yangu haikuwa na alama bado. Nikakaa kasho, mahabusu ya polisi, siku tatu, na mwanangu Riziki akabaki kwa baba yake.

Siku ya pili uliniletea mkate. Ukanifungua kitenge shingoni: alama za vidole vinne, nyeusi tii. Ukalia, yaya. Kisha ukavuka mpaka.

Wanaotoka huko wananiambia umenenepa, wanao wanacheka. Nanuna siku nzima. Mzee yule angepotea njia tu, akaja kwangu! Mungu anisamehe, nimeshatamani hivyo mara nyingi.

Mwisho wa mwezi hakimu ataamua Riziki akae na nani. Shingo yangu imeshapona, haina la kuonyesha. Aliyeiona ni wewe peke yako. Njoo useme, yaya. Kitenge sikukuomba, ukoko sikukuomba. Hili nakuomba.

Mdogo wako,
anayekuonea wivu na kukungoja