Paka wa Ghalani na Kontena la Ijumaa

Mshauri mpendwa, kabla hujasoma zaidi nakusihi kila neno hapa libaki kati yetu, maana Waswahili wa Guangzhou tunajuana na gazeti lenu hufika huku ndani ya mabegi ya wafanyabiashara.

Naomba msaada. Mimi ni karani wa ofisi ya kusafirisha mizigo karibu na soko la vitambaa la Zhongda, nimesoma vizuri lakini bosi wangu akikohoa tu natetemeka. Mwaka huu baridi imewashtua hata wenyeji, mvua haikati, na nyuma ya ghala yuko paka wa rangi ya chungwa mwenye watoto watatu, nimempa jina Meiyou, yaani hakuna, neno wanalotujibu wauzaji tukiomba bei ipungue, kwa sababu nikimtafuta hayupo na nikigeuka yupo. Niliwatandikia fulana zangu nje, zikalowa, watoto wakazidi kutetemeka, nikashindwa kuvumilia, nikaanza kuacha dirisha wazi, nao wakahamia katikati ya marobota ya madera ya mteja wetu Mzanzibari. Juzi mama huyo akafungua robota moja, akaniuliza, "Karani, mbona dera langu limeota ndevu?" Bosi akang'aka, "Nikimkuta paka humu, yeye na aliyemwingiza watatoka pamoja!" Kibali changu cha kuishi hapa kinategemea kazi hii. Na bosi hana huruma, kila siku anaagiza samaki mgahawani, anasema ni mbaya, anakwenda mwenyewe kumtupa nyuma ya ghala. Kontena la kwenda Dar linapakiwa Ijumaa, kabla viwanda havijafungwa kwa Mwaka Mpya wa Kichina. Nikiwatoa baridi itawaua, nikiwaacha nitafukuzwa.

Nijibu kwa anwani ya baruapepe niliyoiandika juu ya barua hii. Usipige simu ya ofisini. Ukilazimika, sema unaulizia mzigo wa Chausiku, nami nitatoka nje nikupigie.

Karani mwenye hofu

*

Mwanangu, umeomba siri kisha ukaliandikia gazeti! Haya, jina nimelificha, na jibu nimekutumia kwanza kwa baruapepe.

Moyo wako ni mzuri, ila unamwogopa bosi badala ya kuogopa kontena. Paka akijikunja ndani ya mzigo, wapakiaji hawamwoni. Mlango ukipigwa lakiri, hakuna maji wala hewa nzuri hadi Dar. Watoe leo, mchana, na uhakikishe hakuna mtoto aliyebaki.

Wauza samaki wa sokoni wana maboksi meupe mepesi ya kuhifadhia barafu. Omba moja, lioshe, toboa mlango wa kupita paka tu, funga kifuniko kwa utepe wa gundi, liinue juu ya matofali, mlango uelekee ukutani. Ndani usiweke nguo, nguo hunywa maji, ulishaona. Weka zile nyasi kavu mnazofungia vyombo vya udongo. Wape maji ya uvuguvugu. Na dereva wa lori agonge boneti kabla ya kuwasha, paka hupenda joto la injini.

Madera yakung'ute wewe, na mama wa watu umwombe radhi.

Sasa bosi. Msomi mzima hujaona? Mtu asiyependa samaki huagiza kuku. Nenda asubuhi umwambie, "Bosi, nimewajengea nyumba nje, mzigo wa watu usichafuke." Kisha weka sahani karibu na boksi, asiendelee kumtupa samaki chini.