Mwanangu Alichomoa Waya Nikiwa Mzunguko wa Mwisho

Mpendwa mshauri Hana Mazengo, naomba unisaidie kabla sijatamka neno ambalo baba hapaswi kumtamkia mwanawe.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, mkazi wa Utemini hapa Singida Mjini, na maisha yangu yote nilikuwa dereva, miaka kumi na tisa niliendesha Peugeot 404 ya shirika la umma, Manyoni, Iramba, vumbi na tope, sikuwahi kugonga mtu wala mbuzi, mpaka mwaka tisini na sita shirika likauzwa, mnunuzi akasema madereva wa zamani hawahitaji, nikaliacha gari uani mwa shirika likiwa juu ya mawe, na baadaye kisukari kikanichukua mguu wa kushoto, nikajua basi, usukani nimeuaga.

Sasa mwaka jana jirani yetu Aneth amefungua chumba cha intaneti, na kompyuta moja ameifungia usukani na pedeli, unashindana kwa mtandao na watu wa nchi nyingine kwa magari ya zamani, huyu Datsun, yule Volvo, na siku nilipoiona 404 kwenye kioo, nyeupe, na gia yake ileile ya kwenye usukani, mshauri, nilitoa machozi mbele za watu. Aneth akaniambia, "Kaa ujaribu, baba, klachi itajikanyaga yenyewe." Nikakaa. Tangu hapo kila Jumamosi saa nane mchana nashindana na wastaafu wenzangu, kuna Mreno aliyekuwa dereva wa basi, kuna Mfini, Kiingereza chetu sote ni cha kubahatisha lakini kwenye kona tunaelewana vizuri, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba nina mguu mmoja.

Jumamosi iliyopita nilikuwa wa tatu kati ya magari kumi na manne, mzunguko wa mwisho, ndipo mwanangu Benson, ambaye ni mwalimu wa sekondari, akaingia bila hata shikamoo, akachomoa waya ukutani, kioo kikawa cheusi, akasema mbele ya vijana na mama mmoja aliyekuja kuchapisha barua, "Baba, una wajukuu watano halafu unacheza gemu? Unatutia aibu!"

Nikamwambia, "Benson, usukani ndio uliokusomesha."

Akanijibu, "Huo si usukani, ni plastiki."

Amemkataza Aneth asiniruhusu tena, ameitisha kikao cha familia, na kule mtandaoni sheria yao ni kwamba ukitoweka mara mbili unatolewa, na Jumamosi hii ndiyo duru ya mwisho. Anajitetea kwamba alikuja kunichukua kliniki ya kisukari pale hospitali kwa sababu ya mvua, akakuta pamefungwa, maana ni kweli mke wangu Anastazia huwa namwambia naenda kliniki ili nisiulizwe maswali, na kwamba muuguzi aliyemkuta alimwambia sijaonekana miezi mitatu, akazunguka wodi zote akinitafuta, lakini hayo ni mambo madogo ya ndani ya nyumba. Ninachouliza ni kimoja: tangu lini mtoto akamzimia baba yake kompyuta?

Dereva Mstaafu, Utemini

*

Shikamoo, baba. Nimekuamkia kwanza kwa sababu yanayofuata hayatakupendeza.

Benson amekukosea, tena sana. Mtu mzima hanyang'anywi kitu mbele ya watu kama mtoto aliyeshika kisu. Na Benson, kama unasoma: baba yako alinyang'anywa gari, akanyang'anywa mguu, akapata saa moja kwa wiki ya kuwa dereva tena, nawe hukuona chochote hapo ila plastiki? Nenda kamwombe radhi palepale kwa Aneth, mbele ya watu kama wale wale.

Sasa wewe, mzee wangu. Jambo zito kuliko yote umelificha mwishoni mwa barua ukaliita dogo. Mwanao alizunguka wodi moja baada ya nyingine akiuliza kama baba yake amelazwa. Au amekufa. Ulitaka aingie anacheka? Hasira ile ilikuwa hofu, baba, na hofu hiyo uliitengeneza wewe kwa uongo wa kila Jumamosi. Miezi mitatu bila kliniki, na kisukari unacho! Mguu uliobaki ndio unaokanyaga mafuta. Ukiondoka na huo pia, hakuna kompyuta itakayokusaidia.

Huna haja ya kujificha. Mzee kushindana na wazee wenzake si dhambi wala utoto. Uongo ndio utoto.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie Anastazia ukweli wote, halafu mwalike aje aketi pembeni yako akuone unavyokata kona. Kikao cha familia usikikwepe. Nenda, anza wewe kwa kukiri habari ya kliniki, kisha dai heshima yako bila kupandisha sauti. Siku ya kliniki nenda, na Benson akupeleke. Jumamosi saa nane uwe kwenye kiti.

Na usichelewe. Majina yenu nimeyabadilisha, lakini Utemini ina madereva wangapi wastaafu wenye mguu mmoja? Gazeti hili linatoka leo Ijumaa na linashuka kwenye basi Singida saa nne asubuhi. Kama umelipata wewe, jirani naye analo. Liweke chini, mwite mama, ongea naye sasa hivi.