Mtandao Wangu Unasoma Daftari la Dada Zaitun

Mpendwa mshauri Bi Enesi, naomba msaada wako kabla wino haujafika Tunduma.

Mimi ni karani wa miaka ishirini na sita katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa mpakani, nina stashahada ya kompyuta niliyoisomea Mbeya, na naomba jina langu lisitoke kwa sababu bosi wangu hununua gazeti hili kila wiki, ingawa huanza na ukurasa wa michezo na huenda Mungu akasaidia asifike kwako. Kazi niliyosomea na ninayoiweza ni kanzidata, yaani kupanga taarifa kwenye majedwali, na bila kujisifu majedwali yangu ni mazuri, kila lori lina namba yake na kila namba ina mahali pake, ukiniuliza gari fulani lilipita lini mwaka juzi nakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Shida ni kwamba majedwali hayo yanakaa ndani ya kompyuta moja chini ya meza yangu, na hakuna dereva aliyewahi kuyaona.

Mwezi wa pili bosi wetu, Mzee Uledi, alirudi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mwenzake wa biashara akiwa amechangamka, akasema mwenzake ana tovuti, madereva wanaangalia kwenye simu kama karatasi za mzigo zimetoka na hawaji tena kusongamana dirishani, akaniuliza mbele ya ofisi nzima, "Wewe si mtu wa kompyuta?" Hapo mtu mwenye akili angeeleza kwamba mtu wa kompyuta ni kama mtu wa magari, yupo fundi wa injini na yupo wa kupaka rangi. Mimi nilisema, "Wiki mbili tu, bosi."

Nikaanza kujifunza. HTML ndiyo inayoweka maneno kwenye ukurasa, CSS inayapamba, JavaScript inauambia ukurasa ufanye nini mtu akibonyeza, na hayo matatu niliyaelewa vizuri kabisa, kama mtu anavyoweza kuelewa kuogelea akiwa amekaa darasani. Lakini kila video niliyoangalia ilisema zana iliyofundishwa kwenye video iliyotangulia imepitwa na wakati, nikaogopa kuchagua vibaya, basi nikafanya ninachokijua, nikajenga jedwali. Ninalo mpaka leo, jedwali safi la zana arobaini na nne ninazopaswa kujifunza, lina safu ya jina la zana, safu ya tarehe ya kuanza na safu ya tarehe ya kumaliza, na hiyo ya mwisho ni tupu kutoka juu mpaka chini.

Tovuti ya kwanza niliyoitoa ilikuwa na safu zote thelathini na moja za kanzidata yangu, kwa sababu sikuona ipi ya kuacha, na kwenye simu ilibidi dereva ausukume ukurasa kwenda kulia mpaka kidole kichoke. Dereva mmoja Mzambia anayeitwa Lucky aliusukuma, akausukuma, halafu akaniambia, "Bwana karani, hapa nilipofika lazima nigongewe pasi." Foleni nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao, kisha nikaenda chooni kukaa kidogo.

Nikapunguza zikabaki tatu, namba ya gari, jina la dereva, na neno moja, TAYARI au BADO. Ukurasa ukapendeza. Kilichobaki ni kuuunganisha na kanzidata ili uwe unajibadilisha wenyewe, na hicho ndicho kilichonishinda, na ndipo uongo wangu ulipoanzia.

Yupo Dada Zaitun, anakaa dirishani kwenye yadi yetu ya malori iliyoko Mpemba, nje kidogo ya mji, huu mwaka wa tisa, anasomesha watoto wawili kwa kazi hiyo. Yeye ndiye anayefuatilia karatasi za nani zimetoka, anaandika kwenye daftari, na jioni daftari linaletwa kwangu niliingize kwenye kanzidata. Basi saa mbili asubuhi, saa sita na saa tisa nampigia simu, namwambia nahakiki tu, ananisomea daftari zima nami naandika kwa mkono TAYARI, BADO, BADO, TAYARI, kisha naupandisha ukurasa mtandaoni na bosi anaamini umejiandika. Siku hizi Dada Zaitun anasoma polepole, na kati ya gari na gari ananiuliza, "Umeshaandika, mdogo wangu?" nami najibu, "Siandiki, dada, nahakiki," huku vidole vinaniuma.

Madereva wanausifu. Mama yangu kule Ileje alisimama kanisani akashukuru kwamba mwanawe ametengeneza mtandao, na tangu siku hiyo simu zikikosa mawasiliano majirani wanakwenda kwake kulalamika.

Mwezi uliopita nilikwenda Hasamba kumzika mjomba. Karatasi za Lucky zilitoka saa tatu asubuhi, lakini ukurasa ulimwambia BADO mpaka jioni, naye kwa kuuamini hakwenda dirishani, akapoteza siku nzima. Bosi akasema mitandao ya siku hizi inasumbua. Mtandao ulikuwa makaburini, mshauri, umeshika chepe.

Sasa Jumatano Mzee Uledi aliniita, akafunga mlango, akasema kwa kuwa mtandao unajibu wenyewe dirisha la Mpemba halina kazi tena, na Zaitun itabidi apumzishwe mwisho wa mwezi, kwa hiyo niandike barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Nikaiandika. Ina aya tatu nzuri, ya pili inasema kazi zake zimechukuliwa na teknolojia, na teknolojia yenyewe ndiyo mimi. Aliponiambia niichapishe aisaini nikasema printa imeishiwa wino. Wino upo. Niliutoa nikauficha kwenye droo nyuma ya mafaili, na nimerudia maneno hayo hayo siku tatu mpaka bosi amechoka, na kwa kuwa wino wa printa yetu ya kizamani unapatikana duka moja tu Vwawa, Jumatatu ya wiki ijayo kamtuma mtu akaununue. Aliyetumwa ni Dada Zaitun. Jana alinipigia mwenyewe akaniuliza, "Mdogo wangu, ule wino ni mweusi tu au na wa rangi?"

Nikamwambia mweusi tu.

Nikisema ukweli nafukuzwa mimi, na mama ataingiaje tena kanisani. Nikinyamaza anafukuzwa yeye, na mwezi ujao saa mbili asubuhi sina wa kumpigia. Nifanye nini? Na je, inawezekana mtu kujifunza zana arobaini na nne kabla ya Jumatatu?

Karani mwenye hofu, Tunduma

*

Bi Enesi anajibu:

Mwanangu karani, haiwezekani. Na hata ingewezekana isingekusaidia. Barua yako nimeitoa mbele ya wenzako wanaosubiri kwa sababu Jumatatu iko karibu. Sikufichi, nilicheka nikisoma, mpaka nilipofika kwenye wino mweusi. Hapo nikaacha. Mtu amekuuliza kwa upole aina ya wino, nawe ukamjibu kama muuza duka, ukijua wino huo utaandika nini. Najua dhamiri inakusumbua, maana asiye nayo angekwisha kuichapisha ile barua. Lakini kuficha wino si ujasiri. Ni woga uliotiwa kwenye droo.

Unajiona mjinga kwa sababu hujui kuunganisha ukurasa na kanzidata. Hebu rudia kusoma ulichoniandikia. Hata bingwa akija kukuunganishia kesho, kanzidata yako inapata habari wapi? Kwenye daftari la Zaitun. Mwondoe Zaitun, na ukurasa wako utaandika BADO siku zote, kwa haraka na kwa rangi nzuri. Bosi wako halijui hilo. Katika ofisi yenu anayelijua ni wewe, na umekaa nalo kimya. Kwa hiyo usiende kwake kama mtu anayekwenda kuungama tu. Unakwenda kumzuia asifunge dirisha linalomlisha.

Ila anza na Zaitun. Usimpigie simu, umeshampigia vya kutosha. Nenda Mpemba ukakae naye, umwombe radhi, umwambie na barua kwamba ipo. Wala usitegemee kumshangaza. Mtu anayekuuliza umeshaandika kati ya gari na gari anajua kwamba unaandika. Amekusomea polepole miezi yote hii ili usiaibike, na wewe ukamwambia unahakiki.

Kisha nenda kwa Mzee Uledi asubuhi, kabla hajachoka. Usimtajie HTML. Mwambie ukurasa unaujaza wewe kwa mkono, taarifa unazipata kwa Zaitun, na siku uliyokwenda kumzika mjomba, Lucky alipoteza siku nzima kwa sababu yako. Halafu nyamaza. Atafoka, mwache afoke. Anaweza kukufukuza, sitakudanganya. Akimaliza, mpe wazo la maana: Zaitun awe na ukurasa mdogo kwenye simu yake, abonyeze mwenyewe TAYARI akiwa pale pale dirishani, na neno hilo liingie kwenye jedwali lako na kwa madereva kwa wakati mmoja. Nimemuuliza dada anayeshughulikia tovuti ya gazeti hili. Amesema hiyo ni fomu moja yenye vitufe viwili, na anayejua majedwali ana nusu ya kazi mkononi. Amesema pia kwamba yeye mwenyewe mwaka wake wa kwanza alikuwa akijaza kwa mkono, tofauti ni kwamba alisema. Jifunze hiyo moja. Zile zana nyingine zote kwenye jedwali lako zifute. Najua kufuta kunamuuma mtu wa kanzidata. Futa. Na safari hii omba miezi miwili, acha mambo ya wiki mbili.

Mama yako mweleze taratibu kwamba minara ya simu si yako. Shukrani zake aziache pale pale, utazihitaji.

Leo hii, kabla hujatoka ofisini, fungua ukurasa wako na juu kabisa andika hivi: Taarifa hizi zimetoka kwa Zaitun, dirisha la Mpemba, saa sita mchana. Ni mstari mmoja, unauweza bila video. Lucky akiusoma atajua nani wa kumuuliza.

Halafu rudisha wino kwenye printa, Zaitun asipoteze siku yake Vwawa. Unayo barua ya kuchapa. Ile yenye aya tatu nzuri ondoa jina lake, uandike upya kwa jina lako, umweleze bosi ulichofanya, na usaini wewe. Mweusi tu unatosha.