Wiki Nane Bila Mluzi

Jumanne, 4 Machi
Karani amerudi nyumbani. Mguu wa nyuma wa kulia umenyolewa kuanzia nyonga, mshono mrefu, shingoni kola ya plastiki inayogonga kila mlango. Ndani ya goti kuna bamba la chuma na skrubu sita. Daktari wa mifugo ameniandikia karatasi nzima, nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Wiki nane. Asikimbie, asiruke, asipande ngazi. Hata kukojoa atoke na kamba, na mkanda wa kumbeba chini ya tumbo. Mkanda nimemshonea kwa mabaki ya pazia la mteja — maua ya zambarau. Mbwa anayeogopwa mtaa mzima, na maua ya zambarau!

Daktari hakuzungusha maneno. Bamba likichomoka kabla mfupa haujashika, hakuna upasuaji wa pili. Mguu utakatwa.

Baba alikuwa amesimama mlangoni kwake na fimbo yake, anamtazama tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemzungushia Karani chaga za kitanda cha zamani, karibu na cherehani, nimuone. Namkunja na kumkunjua goti mara kumi na tano, asubuhi na jioni. Ananilamba mkono huku analia. Heri angeniuma.

Kaka kapiga simu. Anauliza tangu lini mbwa akafanyiwa upasuaji kama waziri. Yeye yuko mbali, rahisi kuongea. Nikamkumbusha: Baba hana neno hata moja tangu kiharusi, huu mwaka wa pili. Ana mluzi tu. Na huo tuliutafuta kwa jasho, miezi minne ya kupuliza mshumaa, mtaalamu wa mazoezi akimshikilia shavu, mpaka siku moja ukatoka. Mfupi, mfupi, mrefu. Ule ule aliowaitia mafundi wake ghorofani alipokuwa msimamizi wa ujenzi. Karani, mtoto wa mbwa wakati ule, akaja mbio. Tangu hapo Baba akitaka maji anapiga mluzi, Karani anakwenda, nami namfuata Karani. Ndivyo tunavyoishi.

Kaka akacheka, eti miluzi mingi humpoteza mbwa. Nikamwambia huyu wetu unamtosha mmoja.

Jumamosi, 8 Machi
Yametokea. Wiki haijaisha!

Nilikuwa naweka pindo. Baba akapiga. Mfupi, mfupi — hakumaliza hata ule mrefu. Karani akaruka chaga na kola yake, akatua kwenye vigae, mguu ukateleza upande. Sijawahi kusikia mbwa akilia vile. Na bado akaenda! Akajiburuta mpaka kwa Baba, akaweka kidevu gotini pake, anatetemeka na mkia unapiga sakafu.

Goti limevimba kama ngumi. Barafu, kitambaa, barafu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sote tulifundishwa. Huyu kosa lake ni kusikia.

Jumatatu, 10 Machi
Eksirei. Skrubu moja imelegea, bamba limeshika. Daktari kasema safari hii ni bahati, na bahati haiji mara mbili.

Nilirudi na hasira ya siku mbili, nikaimwaga yote kwa Baba. Nilimwambia, "Baba, ukipiga tena huo mluzi, utakuwa umemkata mguu kwa mdomo wako mwenyewe." Mzee wa miaka sabini na minne. Yeye ameketi, mimi nimesimama. Mama angekuwepo angenizaba kibao.

Aliangalia mikono yake. Kisha akaweka kidole midomoni. Kimya. Ameelewa.

Nina raha kwamba ameelewa. Na naona aibu, sana.

Ijumaa, 14 Machi
Nilijiona mjanja. Nilimpa Baba kikombe cha bati na kijiko: ukitaka kitu, gonga. Siku ya kwanza safi. Siku ya pili safi. Leo asubuhi nakoroga chai yangu, naona Karani amesimama kwa miguu mitatu, masikio juu, anatafuta pa kurukia. Siku mbili tu, keshajua kijiko ni Baba! Nimemnyang'anya Baba kijiko. Mimi mwenyewe nakunywa chai bila kukoroga, sukari yote inabaki chini.

Sasa nimesogeza cherehani mpaka koridoni. Kushoto namwona Baba, kulia namwona Karani. Wao hawaonani. Mteja aliyekuja kuchukua mapazia kauliza kama nalinda benki.

Jumatano, 19 Machi
Nyumba kimya. Cherehani tu. Baba hapigi. Hata akitaka maji ananingoja nigeuke.

Mshono umekauka vizuri.

Jumanne, 1 Aprili
Nilitoka saa moja tu, kwenda kupima madirisha ya ofisi. Jirani aliniahidi atachungulia, akasahau. Narudi — Baba yuko chini, kati ya kitanda na kiti. Fimbo imeviringika chini ya kabati. Suruali imelowa. Sijui alikuwa pale muda gani. Karani ndani ya chaga, amelala fofofo.

Nilimwinua kwa shida, nikamkagua nyonga, mikono, kichwa. Michubuko tu, Mungu ni mwema. Nikapandisha sauti, siwezi kusema sikupandisha. "Baba, kwa nini hukupiga mluzi?" Akaelekeza kidole upande wa Karani.

Nikamwambia ukianguka piga, tafadhali, penye shida ni ruhusa, mguu ni mguu tu. Akanitazama, akabana midomo, akaiachia. Akabana tena. Hakuna kitu. Nikaona anagoma. Mkaidi kama zamani, alipokataa kushuka jengoni na mvua inanyesha. Nikamwacha na ukaidi wake nikaenda kufua suruali.

Jumatatu, 14 Aprili
Wiki ya sita. Eksirei. MFUPA UMESHIKA! Hata ile skrubu haina neno tena. Nilimkumbatia daktari, naye hakupenda.

Furaha ya dakika tano. Akaomba tepu yangu ya ushonaji, akapima mapaja yote mawili. Lile la kulia limepungua sentimita nne. Sasa kazi imegeuka, anasema. Karani atembee, polepole kwa kamba, lakini aukanyagie mguu ule. Na Karani hataki. Anaruka kwa mitatu, ule wa nne kaubana tumboni kama mkoba wa mtu asiyeamini watu. Tumejaribu ini. Alilifuata kwa mitatu.

Daktari akanirudishia tepu. Akasema, "Dada, msuli usiotumika unanyauka. Ukinyauka sana haurudi, na bamba zuri vile litakuwa kazi bure. Mwite kwa kitu anachokipenda kuliko vyote."

Njia nzima nacheka peke yangu. Kitu hicho ninacho nyumbani. Nilikifungia mwenyewe.

Jumanne, 15 Aprili
Nilikaa chini, miguuni pa Baba, nikamwamkia vizuri. Nikamwambia habari za mfupa, za msuli. Nikasema, "Baba, nisamehe. Sasa piga."

Uso ulivyomng'aa! Akajiweka sawa kitini. Akabana midomo.

Upepo.

Akajaribu tena. Upepo na mate. Shavu la kulia halishiki, linajaa hewa kisha linalegea. Mara ya tano akaacha, akafuta kidevu kwa mkono wa shati. Hakunikasirikia. Alikuwa anaona haya, Baba, mbele yangu mimi.

Ndipo nikakumbuka ile Jumanne sakafuni. Anabana, anaachia, anabana. Hakuwa anagoma. Alikuwa anapiga. Nilimwambia apige, naye alikuwa anapiga mbele ya macho yangu, mimi nikaenda kufua suruali.

Msuli usiotumika unanyauka. Nililisikia jana, nikadhani ni la mbwa.

Alhamisi, 17 Aprili
Mshumaa. Kwanza shibiri moja kutoka mdomoni: haukutikisika. Nikausogeza. Nusu shibiri: ukainama kidogo. Nikampigia simu yule mtaalamu wa mazoezi. Hakunilaumu. Kasema shavu lishikiliwe, mara kumi, kila baada ya saa, na hawezi kuniahidi. Kwa mtu wa umri wake, kilichopotea mara ya pili ni kigumu.

Karani naye leo: hatua arobaini koridoni, zote kwa mitatu. Nimepima paja. Robo sentimita nyingine imekwenda.

Nashona kidogo, nalia kidogo. Mteja atangoja.

Jumamosi, 19 Aprili
Asubuhi. Naandika vipande vipande, daftari liko sakafuni. Baba kitini mwisho wa koridoni. Mimi na Karani huku, hatua kumi. Nimetoa kola. Kamba nimeizungusha kiunoni mwangu asije akachomoka.

Leo alfajiri aliuzima mshumaa. Shibiri nzima! Alinionyesha vidole viwili: mfupi, mfupi. Anataka kujaribu.

Mara ya kwanza, upepo. Ya pili, upepo.

Ya tatu, kama mtu anayepoza uji. Si mluzi. Lakini Karani kasimamisha masikio. Hakwenda. Amegeuka kuniangalia MIMI. Wiki sita nimemzuia, sasa anasubiri ruhusa yangu. Nimemwambia nenda, nenda kwa Baba. Nimelegeza kamba.

Hatua moja. Mguu juu. Hatua ya pili. Juu.

Baba kaangusha fimbo makusudi. Ameshika shavu lake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, analibana kwa nguvu mpaka jicho limefumba. Nilitaka kwenda kumsaidia. Kanikataza kwa kichwa.

Kimetoka kitu. Chembamba, kifupi. Nimekisikia, na Karani kakisikia, mkia umeanza.

Mguu unashuka. Vidole vimegusa kigae. Vimegusa tu, uzito hajautia, anatetemeka mwili mzima anangoja ule wa pili. Nami sipumui.

Baba anavuta pumzi