Clavier ya Mukono Moja ya Mama

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 4 mwezi wa tano

Nasahihisha mitihani tangu asubuhi. Nusu ya kelasi ya tatu inaandika neno "informatique", somo yangu ya kompyuta, kila mutu na namna yake. Nacheka peke yangu. Mvua hapa Butembo, ku Rughenda uwanja ya ndege imekuwa ziwa.

Saa kumi mutu ya pikipiki ameleta karto, sanduku ndogo. Inatoka Kampala, kwa Paluku, mutoto ya baba mukubwa. Ni ile clavier, kibodi ya ordinateur, aliniahidi. Imekatwa katikati: kipande ya mukono ya kuume, kipande ya mukono ya kushoto, na kamba fupi ya kubiunganisha. Kila touche, kila kifungo ya herufi, unaiambia ifanye kile unapenda. Paluku imemushinda. Anasema bidole yake ilikataa.

Mimi nahitaji kipande moja tu. Ya kushoto.

Mama ni secrétaire ya cooperative ya kakao ku Beni tangu mimi niko primaire. Mwaka jana ugonjwa ya damu, kiharusi, ilimupiga, na mukono ya kuume ikakufa. Inalala juu ya magoti, anaibeba kama mutoto ya mwenyewe. Mudomo ilibaki muzima, asante Mungu. Muzima sana.

Sasa Papa Kambale, président ya cooperative, amemuambia kwa upole kama ku assemblée, mukutano mukubwa ya tarehe 23, batachagua secrétaire mwingine. Eti apumuzike. Dada yangu Kavugho, mwenye kukaa naye ku mutaa ya Ruwenzori, anasema tangu siku ile masufuria haina amani.

Shida ni procès-verbal, maandiko ya kikao. Inaandikwa pale pale mu kikao, inasomwa mbele ya bote, kisha batu banarudi nyumbani. Mama alikuwa anaiandika na bidole kumi, macho juu ya batu, bila kuangalia touche. Kavugho alimuomba amuambie maneno, yeye aandike. Mama akasema hajakuwa redio.

Nataka aandike mwenyewe. Ni hiyo tu.

Siku ya tatu, tarehe 6

Courant ya umeme imekuja. Kipande ya kushoto imewaka yenyewe, bila ndugu yake. Vizuri.

Touche ni chache kuliko herufi, donc inabidi kujenga etaji, kama ghorofa. Etaji ya chini, herufi zenye zinatumika sana. Ukishikilia touche ya kidole gumba, unapanda etaji ya pili, touche zilezile zinatoa herufi zingine. Touche ingine ya gumba, etaji ya tatu: nambari na accents, alama za juu ya herufi za Kifaransa. Mukono haitoki pahali yake. Ni kama jumba ya hapa centre-ville: kiwanja ndogo, unaenda juu.

Nimechukua procès-verbal za zamani za Mama, nimeambia ordinateur itafute herufi zenye zinarudi sana. Hizo nikazipa bidole yenye nguvu. Kidole kidogo nikakipa W na X, maskini. Furaha ya mutoto mwenye anajenga na matope. Maharagwe imeungua.

Siku ya ine, tarehe 7

Nimejaribu mwenyewe, mukono ya kuume nimeikalia. Pole pole, mais inaenda. Iko muzuri. Iko muzuri sana. Nasikia kichwa inavimba.

Siku ya posho, Jumamosi tarehe 9. Beni

Taxi ilitoka mapema. Njiani ku Kalunguta tumenunua ndizi ku dirisha. Ku barrière ya barabara askari amefungua mufuko yangu, ameuliza kwa Lingala hii ni nini. Nikasema clavier. Akaigeuza, akaniuliza nusu ingine iko wapi. Nikasema iko nyumbani. Akanihurumia, akaniacha nipite.

Mama alikuwa amejipanga. Foulard ku kichwa, miwani, kiti. Akaweka bidole juu ya touche, akajaribu kuandika jina yake. Jina ikatoka kama ya mutu ya inchi ingine. Akarudia. Akarudia tena. Mwisho akatoa mukono.

"Kahindo, A umeipeleka wapi?"

Nikamuonyesha. Nikamuelezea hesabu yote, herufi zenye zinarudi, bidole yenye nguvu, etaji. Alisikiliza mupaka mwisho, kwa adabu yenye inaogopesha.

"Ku clavier ya Kifaransa A iko ku kidole kidogo, juu. Iko pale tangu mbele uzaliwe. Nani alikutuma kuihamisha?"

Hasira ikanipanda. Nikasema hii ni muzuri kuliko ile, ordinateur imehakikisha. Sauti yangu ilikuwa kubwa. Mama akasimama.

"Basi hiyo ordinateur yako iende ku assemblée."

Akaenda kuchagua muchele na mukono ile moja. Mimi nikabaki na clavier. Sombe ya Kavugho, majani ya muhogo, ilikuwa tamu, sikuila.

Siku ya Mungu, tarehe 10

Misa ya kwanza. Kando ya Mama, bila kusemeshana. Wakati ya kupeana amani akanipa mukono ya kushoto haraka haraka, kama mutu mwenye analipa taxe ya serikali. Nimerudi Butembo na gari ya saa sita. Mu njia nimesema mu roho yangu kama yeye ni mugumu. Kavugho ameniandikia: ninyi babili muko mutu moja.

Hapana. Mimi siko vile.

Siku ya pili, tarehe 12

Nimefundisha vibaya. Nimekemea kelasi nzima bure. Hasira ingine inaisha ku usiku moja, hii hapana. Najua sababu. Mama iko na haki. Ile mukono ya kushoto ndiyo kitu moja yenye ilimubakia na kazi yake yote ndani, na mimi nimemuambia aanze upya.

Siku ya tatu, tarehe 13

Nimepata.

Nilikuwa naandika maulizo ya mitihani ku clavier ya masomo, mawazo iko mbali. Nikaona mikono yangu. Kidole ya kati ya kushoto inafinya E. Kidole ya kati ya kuume inafinya I. Ni mwendo moja, kama mutu mwenye anajiangalia mu kiyo. R na U. S na L. Q na M. Kila kidole iko na pacha yake upande ingine, na yote ilijifunza siku moja.

Donc: etaji ya chini, nusu ya kushoto ya clavier yenye Mama anajua, bila kuhamisha hata herufi moja. A inarudi kwake. Na ukishikilia gumba, upande ya kuume inakuja kulala juu ya kushoto, imegeuzwa kama mu kiyo. Kidole yenye ingefinya I ku kuume inafinya pahali ya E ku kushoto. Mama hatajifunza kitu. Atakumbuka tu.

Nikajaribu na neno ya kwanza yenye ilikuja: Beni. B, E. Kisha gumba, na touche zilezile mbili: N, I. Nikacheka mupaka mwalimu ya jirani akachungulia ku mulango.

Hesabu yangu yote nimeifuta. Imeniuma kidogo. Kidogo tu.

Siku ya posho, tarehe 16. Beni

Sikuelezea kitu. Nikaweka clavier mbele yake, nikasema: "Mama, weka mukono kama zamani. Mukono ya kuume ikitaka kuandika, finya gumba, uache ya kushoto imuigize."

Aliangalia ukuta. Alikuwa anaangalia ukuta vile zamani pia, mbele ya kuanza. Bidole ikaanza. Pole, ikasimama, ikaenda. Ku écran ya ordinateur ikatoka: *Bwana Président, mimi niko muzima.*

Hakunisifu. Aliniomba kiti yenye haichezi.

Tumefanya kazi mupaka mchana. Baadaye akaanza kutoa amri. Accents anazitaka karibu na E, hapana mbali. Nambari zikae mu mustari. Na akauliza kama touche moja inaweza kuandika maneno mingi. Nikasema ndiyo. Akafikiri. Anataka touche moja ya "à l'unanimité", bote sauti moja, na ingine ya "après échanges et débats", kisha kuongea na kubishana. Anasema wanamemba ya cooperative hawafanyi kitu ingine mu maisha.

Kavugho alicheka mupaka akakaa chini. Mama pia. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko yake, ile inaanza na kikohozi.

Siku ya tatu, tarehe 20

Shida. Clavier nimeiachia Mama ajizoeze, na Kavugho amepiga simu: maneno ya Mama inashikana yote, bila nafasi katikati. Mama ameandika mustari nzima kama neno moja na amekasirikia clavier, mimi, na Paluku.

Nimeelewa. Touche ya gumba nilikuwa nimeipa kazi mbili: ukiigusa haraka, nafasi, ukiishikilia, etaji. Gumba ya Mama inachelewa kuinuka. Anataka nafasi, clavier inafikiri anapanda juu. Kosa ni yangu, bidole yangu ndio nilipimia.

Nimetenganisha. Nafasi sasa iko na touche yake. Nimetuma mupango mupya kwa simu, na Kavugho ameiingiza mu clavier. Kuna kitundu kidogo nyuma, unafinya na sindano ndio clavier ipokee. Alitafuta sindano pahali pote, mwisho akatoa épingle, pini ya nguo, ku foulard ya Mama, na Mama bado ameivaa.

Sasa inaenda. Inabaki siku kidogo. Naogopa.

Siku ya tano, tarehe 22

Njia ya Beni imefungwa tangu asubuhi. Gari zote ku mustari, basoda ya barrière banasema tungoje, habaelezi. Bamama nyuma yangu bameanza rozari. Nimeshika chapelet na mukono moja, simu na ingine. Sina habari ya kutoa, nikaandikia Kavugho hiyo tu.

Baadaye.

Bametuachilia, tumefika jua linaingia. Mama alikuwa anapiga pasi pagne yake, kitenge ya assemblée, na mukono ya kushoto. Amenifokea juu ya kuchelewa, akanipa chakula ya batu babili. Ameogopa pia. Hatasema.

Siku ya posho, tarehe 23. Beni

Naandika kila kitu, nisisahau.

Salle ya cooperative imejaa mupaka inje. Harufu ya kakao yenye imekauka. Groupe électrogène, jenereta ya courant, inapiga kelele nyuma. Papa Kambale ametupokea kwa heshima kubwa, ameonyesha Mama kiti ya mbele, kati ya bageni. Mama akapita ile kiti. Akaenda ku meza ya secrétaire, akakaa. Mimi nikaweka clavier na ordinateur, nikarudi ku ukuta. Batu banaangalia ile nusu ya clavier. Mutu moja amenong'ona kama imevunjika.

Papa Kambale akainama. "Mama Secrétaire, tulisema upumuzike."

"Nimepumuzika mwaka muzima, Papa. Fungua kikao, niandike saa."

Akafungua.

Ku mwanzo alikuwa nyuma. Nimeona mabega yake inakaza. Kisha mambo ya bei ya kakao ikaingia na batu tano bakasema pamoja, mwingine amesimama juu ya banc ya kukalia. Mama akainua mukono ya kushoto.

"Moja moja. Mwenye hatasema peke yake, hataingia mu procès-verbal."

Bazee na madeni yao kwa cooperative bakaanza kupanga mustari ya kusema kama batoto ya masomo. Alipata wakati yake hapo. Nikaona gumba inashuka, inapanda. Alifinya touche ya "après échanges et débats" bila aibu, karibu kila baada ya mutu.

Katikati, mambo ikaharibika. Ku écran herufi zikaisha, zikatoka nambari tupu. Amekwama mu etaji ya tatu. Nilijua ni touche gani. Nikatoa muguu ku ukuta. Mama akaniangalia juu ya miwani, hivi tu, na muguu ikarudi. Akafunga macho. Akagusa touche ya gumba ya kando mara mbili. Herufi zikarudi. Akafuta takataka, akaendelea.

Ku mwisho akasoma. Yote: bei, mizani mpya, njia ya kupeleka magunia, mutu ya banc na jina yake kamili. Hakuna mwenye alisahihisha. Papa Kambale akaomba karatasi itoke ku mashine, isainiwe.

Hapo sikuwa nimefikiri. Signature.

Mama akachukua kalamu na kushoto. Salle nzima inangoja. Aliandika pole sana, ulimi kidogo inje, herufi kubwa zenye zinainama kama za mutoto ya primaire. Ilichukua muda. Akamaliza, akaangalia, akarudia kuweka nukta ku i.

Papa Kambale akatoa kofia. Akasema jambo ya kuchagua secrétaire ilikuwa ku ordre du jour, orodha ya mambo ya kikao, mais yeye binafsi hakumbuki tena ni juu ya nini. Bakacheka, bakapiga mikono. Mama akabaki ameinamia ordinateur. Alikuwa anaongeza mustari moja. Nikaenda kusoma nyuma yake.

*Secrétaire anaendelea, à l'unanimité.*

Maneno ya mwisho, touche moja tu.

Nimelia ku choo ya cooperative. Kisha nikakula soso, kuku ya sherehe, mapaja mbili.

Siku ya tatu, tarehe 27

Butembo. Mvua tangu saa nane, kelasi imeisha mapema juu ya kelele ya mabati. Nimepika ugali peke yangu.

Mama ameniandikia. Barua ndefu ya ordinateur, ku adresse yangu ya kazi, na accents zote. Mbuzi ya jirani imekula maua yake. Kavugho anaweka chumvi mingi. Padri mpya anahubiri haraka kuliko mutu anaweza kufuata. Mvua ya Beni haina akili. Paluku asalimiwe. Mwaka muzima sikuwa nimepata kwake hata mustari moja, na hapa kuna kurasa mbili za malalamiko, hakuna neno hata moja juu ya clavier.

Nimezisoma mara mbili. Ugali imepoa. Kesho nitamujibu juu ya mbuzi.