Niliwaonyesha Mpaka wa Reli

Mdogo wangu Makokha,

Pokea salamu za mkubwa wako. Umeamkaje huko Butere, na kile kifua chako? Mahindi yameota? Mimi niko, na haya nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba mtu. Kwa simu ungenikata maneno.

Makokha, nimejimaliza.

Unajua hapa Eldoret hakuna mtu anajua reli kama mimi. Nimepiga mataruma chini ya vyuma vya reli kutoka hapa mpaka Turbo, hata mnyapara alikuwa akiniuliza. Basi walikuja vijana wawili na mitambo ya kupima ardhi, wakanikuta nimekaa nje ya nyumba yangu hapa kando ya reli, upande wa Pioneer. Wakauliza majina ya zamani. Ningenyamaza? Nikawaambia wazee bado wanaita huu mji Sisibo, kwa sababu ulikuwa shamba namba sitini na nne, sikisti foo ya wazungu, mji hakuna, posta tu. Nikawaambia ule mtaa wa Munyaka, jina lake ni bahati kwa Kikuyu.

Mmoja akasema, "Mzee, wewe ni kitabu. Lakini mpaka wa zamani wa reli, huo hata wewe huwezi kujua."

Mimi? Nisijue? Nikachukua jembe. Wakati wa gengi, kile kikosi chetu cha kutengeneza reli, tulisimamisha vipande vya reli kuukuu ardhini kuonyesha mpaka. Nikafukua cha kwanza kwenye nyasi, cha pili chini ya takataka, wakanipigia makofi. Cha tatu kilikuwa nyuma ya choo changu. Wao wakaanza kupima, mimi bado naongea.

Juzi nyumba zote kutoka hapo mpaka relini zilipigwa X nyekundu, za kubomolewa. Yangu ilikuwa ya kwanza. Tingatinga inakuja kabla mwezi uishe. Jirani yangu Mama Njeri, yule hunipa chai, alikuja akasimama mlangoni.

"Mzee wa Reli, si ungesema umesahau? Wazee si husahau?"

Amehamia Munyaka na watoto, hakuniaga. Waliobaki wananipita kama nguzo ya stima.

Nimewaambia wote sitoki, tingatinga inikute ndani. Hiyo ni ya kuwaambia wao. Wewe nakuambia ukweli: naogopa, na sina pa kwenda.

Kuja kwako siwezi. Mkubwa halali kwa nyumba ya mdogo wake, hata ukinitandikia godoro, baba angeamka kaburini. Na nyumba yangu ya ujana hapo bomani ilianguka nikiwa huku naringa ati nitajenga ghorofa. Sijawahi kukuomba kitu, unajua. Nijengee chumba kimoja cha udongo, upande wa kulia wa lango la baba. Nyasi zinatosha, siulizi mabati.

Nisalimie mke wako, mwambie chakula chake nilichokisema vibaya nilipokuja hakikuwa na kosa, kosa ni mdomo wangu, na akubali kuita akina mama wa boma wakandike kuta. Nisalimie shangazi wetu wa miguu mibaya, na dada yetu wa Lugari akifika.

Lakini usisahau ule mti wa kileleni mwa paa, ule huondolewa mwenye nyumba akifa. Usimamishe mrefu, hata kama mlango bado. Watu wakipita waone mwenyewe yuko hai, anakuja.

Ni mimi mkubwa wako,
Okwemba wa gengi ya reli